Mwalimu wa Miguu kwenye Benchi la Mama Kabange

Leo nimeumbuliwa na unyayo wangu mwenyewe.

Mimi ni muuguzi hapa Kamina. Alhamisi niliwakusanya wakandaji wa mtaa wetu, nikawachorea ubaoni kiungo cha katikati ya mguu, pale mifupa mirefu ya vidole inapoungana na mifupa ya upinde. Nikagonga meza: "Damu ikivilia chini ya unyayo, kiungo hiki kimeumia. Msikande! Mtu aende hospitali apigwe picha."

Leo asubuhi nikakatiza relini. (Na viatu vipya vya ncha. Niseme nini?) Ncha ikanasa kati ya mataruma, kisigino kikabaki juu, mwili ukaendelea na safari. Kah! Kitu kikalia ndani ya mguu.

"Ni mteguko tu," nikajiambia. Hata soksi sikuvua. Hospitali wenzangu wangenifunga plasta, na Jumatatu nina somo la pili. Mwalimu wa miguu aingie na magongo? Thubutu! Saa sita, mguu umevimba, nikavaa kofia ya mke wangu ya shambani, nikachechemea hadi kwa Mama Kabange, mkandaji mkongwe, anikande kwa siri.

Siri gani! Benchini walikaa wagonjwa wangu watatu, walewale ninaowagombeza kila wiki kwa kwenda kukandwa.

"Muganga! Na weye uko hapa?" mmoja wao akapaza sauti.

"Nimepita kusalimia tu." (Nimesimama kwa mguu mmoja.)

Mama Kabange akanikalisha, akanivua soksi, akainua mguu. Kisha akawageuzia wote unyayo wangu. Ulikuwa bluu kama umemwagiwa wino.

"Bantu, muone. Damu iko wapi?"

"Chini ya unyayo!" wakajibu wote watatu. (Mama alishawafundisha. Somo langu la Alhamisi, neno kwa neno.)

"Basi minyi siwezi kukanda. Hii iko ya lopitalo. Njo weye mwenyewe ulisema."

"Mama, kidogo tu, na mawese ya moto..."

"Hapana, mwana. Mwalimu wetu alikataza."

Wakanipakia kwenye baiskeli, wagonjwa watatu wakaisukuma hadi hospitali, nao wanachechemea. (Watu wanne, miguu mizima minne.) Picha imeonyesha mifupa imeachana palepale nilipochora. Nimefungwa plasta hadi gotini.

Jumatatu somo lipo. Mama Kabange atafundisha. Mimi ndiye mchoro.