Baruti ya Kopo Jekundu

Katika Birmingham nzima hakuna mwanamume aliyependa kitu chochote kama Charanjit alivyoipenda baruti ya kopo jekundu. Surinder, aliyekuwa mke wake kwa miaka thelathini na minane, alikuwa ameshakubali kuwa wa pili.

"Mimi ananiita 'sikia'," aliwaambia wenzake kwenye jiko la gurdwara, hekalu lao la Masingasinga. "Kopo analiita 'mpenzi'."

Charanjit alizaliwa Kisumu, akaja Uingereza kijana, akaendesha mabasi mpaka kustaafu. Baada ya hapo alijiunga na klabu ya kulenga shabaha nje kidogo ya mji, ambako watu wazima wenye akili zao hulala kifudifudi kwenye nyasi baridi ili kutoboa karatasi ambayo haijawakosea kitu. Risasi zake hakuzinunua. Alizijaza mwenyewe kwenye chumba kidogo cha juu, nyumbani kwake Erdington: ganda la shaba, kifataki cha kuwashia nyuma yake, baruti iliyopimwa kwenye mzani mdogo kuliko kisahani cha chai, halafu kichwa cha risasi kinakandamizwa juu. Kazi hiyo ikiendelea, Surinder hakuruhusiwa hata kupiga chafya ngazini.

Mwaka 2018 zikaja sheria mpya za kemikali, na baadhi ya baruti zikatoweka madukani. Ya kopo jekundu ikawa mojawapo. Charanjit aliomboleza wiki nzima, kisha akakumbuka kwamba kabatini amebakiwa na kopo moja zima. Kuanzia siku ile akatembea kama mtu aliyerithi kisima cha mafuta.

Klabuni hakunyamaza. Akipata alama tisini na tatu kati ya mia, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi zaidi maishani mwake, ilikuwa kazi ya baruti. Akipata sabini, ni upepo.

Wa kwanza kuomba alikuwa Zilpah, muuguzi kutoka Kakamega, aliyejiunga na klabu mwaka mmoja tu uliopita na bado alishika bunduki kama anayempima mgonjwa presha: taratibu, bila maneno.

"Mzee, nigawie kidogo tu nijaribu," alimwambia. "Yangu ni ile ya kawaida, niliyopewa dukani."

"Dada yangu, hii si chumvi ya kuazima kwa jirani," alijibu Charanjit. "Na hiyo yako, kama ningekuwa wewe, ningeikandia chapati."

Zilpah alicheka, akaenda zake. Hata kununa hakununa, jambo lililomuudhi Charanjit kidogo.

Majira ya kuchipua mwaka uliofuata, klabu ikatangaza kwamba nafasi moja imebaki katika timu ya watu wanne watakaokwenda mashindano makubwa ya Julai. Risasi kumi, mwenye alama nyingi anakwenda. Charanjit alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka sita. Gurdwara walishajua kwamba anakwenda. Binamu zake wa Nairobi walijua. Dobi alijua.

Siku moja kabla ya shindano alipanga maganda kumi na tano kwenye kibao, kila moja na kifataki chake, akashusha kopo kutoka kabatini. Ndipo akaingia Shurie, rafiki yake Msomali aliyekulia Garissa na sasa ana duka la vitambaa mtaa wa Alum Rock. Alikuja kunywa chai tu, maskini.

"Kaa hapo," Charanjit akamwambia, akafungua kopo. "Nusa."

Shurie akanusa. "Inanuka kama rangi ya kucha."

"Hiyo ndiyo harufu ya ushindi, bwana. Angalia chembe zake. Zote sawasawa, kama zimekatwa na sonara. Sasa hii, ukiimimina…"

Akaeleza inavyomiminika. Akaeleza inavyowaka: bila haraka, bila wasiwasi, kama mtu wa ukoo mzuri. Akaeleza baruti nyingine zote na makosa ya wazazi wao. Chai ya Shurie ikapoa, ikaota ngozi juu. Baada ya saa nzima Shurie akaaga, na Charanjit akarudi mezani moyo umemjaa. Akafunga kopo, akalibusu, akalirudisha kabatini. Kisha akashindilia vichwa vya risasi kwenye maganda yote kumi na tano, kimoja baada ya kingine, huku akiimba.

Siku ya shindano jua lilitoka, jambo ambalo Charanjit alilichukua kama heshima kwake binafsi. Shurie alikuja naye awe shahidi. Zilpah alipiga mapema, akapata tisini na nane, na watu wakampigia makofi.

"Si mbaya," Charanjit akamwambia, "kwa baruti ile."

Akalala chini, akarekebisha kilemba, akavuta pumzi, akafyatua.

Tik.

Ilikuwa sauti ya kijiko kuangukia sahani. Bunduki haikumsukuma bega. Karatasi kule mbali ilibaki safi.

"Usiguse kitu," alisema Ogle, Mwingereza mrefu aliyekuwa msimamizi wa uwanja. "Mtutu uelekee mbele."

Wakangoja muda wa kutosha, isije ikachelewa kulipuka. Kisha Ogle akatoa komeo la bunduki, akapitisha ufito ndani ya mtutu. Ufito ukafika mahali ukagoma. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo ndani, hakitoki wala hakirudi. Bunduki ya Charanjit ikawa imemaliza mashindano.

Ogle akachukua risasi nyingine, akaitikisa sikioni. Akaifungua kwa kifaa chake, akachungulia ndani ya ganda, akaligeuza juu chini kiganjani.

"Halina baruti," akasema. "Kifataki peke yake ndicho kilichokisukuma kichwa, kikaishia njiani."

"Haiwezekani," alisema Charanjit. "Fungua nyingine."

Akafungua tatu. Hata chembe moja haikudondoka.

Shurie akakuna kidevu. "Mzee, jana hiyo baruti ulinisimulia mpaka chai ikalala. Lakini kuimimina, kwa kweli, sikukuona."

Charanjit akaikumbuka ile saa nzima. Alikuwa ameimimina yote kwa maneno. Kopo lilikuwa kabatini Erdington, limejaa vilevile, na miaka yake sita ilikuwa imeishia kwenye tik. Macho yalimuwasha. Akasingizia vumbi.

"Mzee," akasema Zilpah, akichuchumaa kando yake. "Chukua yangu. Bunduki, na risasi pia. Zimebaki kumi na mbili."

"Lakini nikikushinda?"

"Basi utakuwa umenishinda. Lala, muda unakwisha."

Ogle akaruhusu, Zilpah akakaa karibu kama sheria inavyotaka. Charanjit akapiga mbili za kujaribu, kisha kumi za kuhesabiwa. Hakufikiria ukoo wa baruti wala makosa ya wazazi wake. Alifikiria karatasi tu.

Matokeo yakaja: tisini na saba. Hajawahi kuzipata maishani mwake. Lakini zilikuwa pungufu kwa moja kuliko za Zilpah, na nafasi ya Julai ikawa ya Zilpah. Charanjit akasimama pale hajui ashangilie au alie, akampa mkono yule dada kwa mikono yote miwili.

"Nimekosea kukunyima," akamwambia.

"Ulikosea kujinyima mwenyewe, mzee," alijibu Zilpah, na safari hii Charanjit naye akacheka.

Ikabaki kujaza kadi ya matokeo. Kundi lingine lilikuwa limeshaanza kupiga, wote wamevaa viziba-masikio, na Ogle amevaa vyake.

"Umetumia baruti gani?" Ogle akauliza, kalamu mkononi.

Charanjit akanong'ona.

"Sisikii!"

Akasema tena, kidogo tu. Ogle akatikisa kichwa, akaonyesha sikio. Ikabidi Charanjit avute pumzi yote ya kifua chake apige kelele kuzishinda bunduki kumi.

Sekunde ile ile mlio wa kusitisha ukalia, bunduki zote zikanyamaza, uwanja mzima ukavua viziba-masikio, na sauti ya Charanjit ikapita juu ya nyasi, wazi kabisa, mpaka maegesho ya magari:

"YA ZILPAH!"