Alama 214 za Mama Rosaria

Inatangazwa kwa watu wote wa mwambao wa ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi Kafutuma, na kwa wale wa visiwani watakaopata mtumbwi wa kuja kusomewa, kwamba tarehe mosi Juni 1956 Serikali ilifungua Ofisi ya Upimaji wa Uovu wa Binadamu. Kabla ya hapo uovu ulikuwepo, hatukatai, ila ulizagaa ovyo bila daftari. Mimi Kasonde nilikuwa karani wa ofisi hiyo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Naandika haya kwa sababu maneno yamekuwa mengi, na wengi wanaosema hawakuwahi hata kushika ufunguo wa kabati.

Chanzo chake ni nyavu. Serikali ilitoa amri juu ya ukubwa wa matundu ya nyavu, watu wakakataa kuitii. Wakuu walikaa kikao, wakaona sababu ni mojawapo kati ya mbili: ama amri ni mbaya, ama watu ni wabaya. Sababu ya kwanza iliondolewa kwenye ajenda kwa kukosa muda.

Tukaletewa Bwana Afisa. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni, aliyefanya kazi miaka mingi pwani ya Tanganyika na kujifunza Kiswahili cha kunyooka kabisa. Kibemba hakujua hata kuomba maji. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba uovu utapimwa kwa Kiswahili, na uovu wowote utakaosemwa kwa Kibemba hautahesabiwa. Sasa watu wetu huongea Kibemba nyumbani, kanisani na hata ndotoni; Kiswahili hukitoa gatini tu, wakiuza samaki kwa wachuuzi wanaovuka kutoka Kongo. Nacho ni Kiswahili cha hao wachuuzi: 'njo' ni ndiye, 'paka' ni tu, 'juu' ni kwa sababu, 'mersi' ni asante. Basi uovu wote wa wilaya ulikutwa gatini. Bwana Afisa alishangaa sana jinsi ulivyojikusanya mahali pamoja, akaniambia kazi itakuwa nyepesi.

Alinieleza mbinu yake. Ukimuuliza mtu juu ya jirani yake, atakujibu kwamba ni mtu mwema, ili uondoke. Sayansi inataka kusikia kile ambacho hakikuulizwa. Nikapewa kiti cha kukunja, daftari lenye jalada jekundu, kofia ya kaki na baiskeli, pamoja na agizo: kila neno baya analosemwa mtu hadharani ni alama moja. Kulikuwa na safu ya wizi, ya ulafi, ya uvivu, ya uongo na ya ukatili. Uchawi haukupewa safu, kwa kuwa sheria ilikataza kumwita mtu mchawi. Huo tuliuandika chini ya "Mengineyo", na Mengineyo ndiyo safu iliyojaa kwanza.

Siku ya kwanza tu kazi iliniangukia nyumbani. Mama Rosaria, mjane anayeuza samaki wa kukaushwa kwa moshi, ni mdogo wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea na kunisukuma shuleni hadi darasa la sita, mara nyingine kwa fimbo. Asubuhi hiyo alikuwa mezani pake, wachuuzi wamemzunguka, akapita Sampa, fundi wa mitumbwi.

"Batajiri, mukimbie," Sampa akawaambia wachuuzi. "Huyu mama njo muizi wa kwanza mu Nchelenge yote. Bwana yake alikufa paka juu ya bukali yake. Siku ye atakufa, mi nitalala mu kaburi mbele yake, akose nafasi."

Mama Rosaria hakuinua hata macho. "Mamba ya kukosa meno," akamjibu. "Mama yako alikuzala, akakuangalia, akalia."

Nikaandika: Rosaria, alama tatu. Sampa, alama mbili. Kisha wakacheka wote wawili, mama akamchagulia samaki mnene kuliko wote mezani, Sampa akaenda zake akiendelea kumtukana hadi sauti ikafifia. Kucheka hakukuwa na safu.

Nimweleze msomaji wa mbali. Kwetu watu wa ukoo wa Samaki na watu wa ukoo wa Mamba ni watani. Mamba hula samaki, kwa hiyo wana haki ya kutukanana tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Mtani ndiye anayekuchimbia kaburi na kukutukana ukiwa ndani yake, na ndiye anayemchekesha mjane wako mpaka machozi yakauke. Anayependwa sana hutukanwa kuanzia alfajiri. Jambo hili mtoto wa miaka mitano analijua. Bwana Afisa hakulijua. Mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja.

Lakini hakuniuliza. Fomu nayo haikuwa na safu ya utani, na karani haongezi safu. Mke wangu Agness aliniambia wazi, huku akipepeta unga, kwamba ninajua yale ni mapenzi tu, niende kwa Mzungu nikaseme. Nikamjibu kuhusu safu. Akasema safu sina lakini mdomo ninao. Haya yote aliyasema kwa Kibemba, kwa hiyo kiofisi hakusema kitu.

Upande wa pili kulikuwa na Mwewa. Mwewa alikata nyavu za wenzake usiku na kuziuza ng'ambo. Alimnyang'anya mjane wa kaka yake mtumbwi msiba haujaisha. Na mwaka uliotangulia, mtumbwi wake ulipopinduka akiwa na jirani yake Bwembya, Mwewa aliokoa wavu kwanza. Wavu ulifika salama. Tangu siku hiyo hakuna mtani aliyemtania tena. Akitokea gatini watu humwambia, "Jambo, ba Mwewa, uko muzuri," kisha kila mmoja hushika kazi yake. Miezi mitatu nilikaa na kalamu, ukurasa wake ukabaki mweupe.

Matokeo yalitangazwa Septemba. Mama Rosaria aliongoza wilaya nzima kwa alama mia mbili na kumi na nne. Sampa alikuwa wa pili, na katekista, mtu aliyewahi kutoa shati lake kumvisha maiti, akashika nafasi ya tatu. Mwewa alipata sifuri. Bwana Afisa alimkabidhi Cheti cha Wema Namba Moja kwa mikono miwili, akamteua Msimamizi wa Gati na kumwachia funguo za ghala la nyavu zilizokamatwa. Ghala lilikuwa tupu kufikia Jumatano, jambo ambalo Bwana Afisa alilisifu kama usafi.

Kisha ikaja amri. Waovu kumi wa kwanza wangehamishiwa kisiwani Kilwa, humu ziwani, si ile ya pwani, mmoja kila mwezi akianza mwenye alama nyingi, ambako maji yangezuia uovu usisambae. Mkuu wa kijiji kimoja cha Kilwa aliandika barua ya heshima akiuliza kama wangeweza kuletewa kwanza mtu mmoja mwenye uovu wa wastani, wamjaribu. Hakujibiwa.

Mama Rosaria alikuja nyumbani kwangu jioni ile. Matanuri yake ya moshi yako Nchelenge, wajukuu zake wawili anawapikia hapa ili wasome misheni, na mumewe amelala hapa. Kilwa kila nyumba ina samaki wake. Nani angenunua wa kwake? Sikusikia lawama hata moja. Aliniuliza tu kama Kilwa kuni zinapatikana. Nilimjibu kwamba suala la kuni litashughulikiwa na idara husika, akanishukuru, akaondoka, na mimi nikashindwa kula.

Hapo nikakumbuka Kifungu cha Tisa cha kanuni za ofisi. Mtuhumiwa ana haki ya rufaa moja, hadharani, na kama siku hiyo hakuna atakayemsema vibaya, alama zake zote zinafutwa. Nikamfuata Sampa karakanani, nikamwambia kwa Kibemba ili isiwe rasmi: Ijumaa, siku ya rufaa, usimtukane. Siku moja tu. Wengine wote watakufuata. Sampa akasema atajaribu.

Ijumaa watu walijaa gatini. Mashua ya Serikali ilikuwa imefungwa tayari, vyungu vya mama vimepakiwa kwa tahadhari. Bwana Afisa akamwita Sampa mbele. Jasho lilikuwa likimtiririka Sampa, na jua lilikuwa bado halijachoma.

"Mama Rosaria," alianza. "Mama Rosaria njo mutu muzuri."

Bwana Afisa aliniegemea akaninong'oneza kwamba rufaa inakwenda vizuri. Mimi nilikuwa namwangalia mama yangu mdogo. Siku ya kumzika mumewe sikumwona na uso ule.

"Sampa," akasema polepole. "Nilikukosea nini?"

"Hakuna, mama. Mi nasema paka..."

"Unanisalimia sawa vile munasalimiaka Mwewa?"

Sampa akaangalia mashua. Akaniangalia mimi. Kumwokoa kulikuwa rahisi: aseme neno lile tena, na mama arudi kwenye matanuri yake, amtazame Sampa kwa macho yale siku zote zilizobaki. Sijawahi kumwona mtu akichagua waziwazi vile, nami kwa kazi yangu nilitakiwa kuwa mtaalamu wa mambo hayo.

"We mama," akasema, sauti ikipanda, "uko muizi. Uko mulafi. Unauzishiaka batu moshi bila samaki ndani. Ukifika Kilwa, mamba yote itahama juu ya harufu yako. Na mi nitapanda ile mashua, juu kule hakuna mutu wa kukutukana muzuri."

Mama Rosaria akacheka mpaka akashika meza, machozi yakimtoka, akamwambia kwamba mashua haibebi takataka. Basi gati lote likalipuka kwa matusi. Ukoo wa Mamba wote ulipanga foleni kumtukana, na waliokuwa hawana haki ya utani walikodi haki ya shemeji zao. Nilihesabu hadi hamsini na saba, kalamu ikavunjika.

Bwana Afisa hakuelewa. Watu wanamlaani mwanamke huku wakimbebea vikapu na kumfuta uso. Aliniuliza kwa nini wanalia. Nilifungua mdomo. Nafasi ilikuwa pale, pana kama mlango wa kanisa.

"Wanathibitisha, Bwana," nikasema.

Naandika kama ilivyokuwa.

Bwana Afisa aliridhika. Akaamua kufunga shughuli kwa mfano bora: afisa mwadilifu naye apimwe. Akapanda juu ya sanduku la samaki, akawataka watu waseme maovu yake kwa uhuru kamili, bila hofu ya adhabu.

Watu wakaangalia miguu yao. Kisha sauti moja ikasema, "Bwana uko muzuri." Nyingine ikafuata, "Muzuri sana." Ikazunguka gati zima, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine.

"Sifuri," alisema Bwana Afisa, na uso ukamng'aa. "Sawasawa na Bwana Mwewa." Akamvuta Mwewa juu ya sanduku, wakashikana mikono.

Hakuna aliyecheka. Mama Rosaria alikuwa tayari ameweka mguu mmoja ndani ya mashua. Akautoa. Nadhani alimhurumia. Akamweleza Bwana Afisa, taratibu kama anavyomweleza mjukuu, habari za Bwembya, mtumbwi uliopinduka, na wavu uliofika salama.

"Ule hakuna mwenye anamutukana," akamaliza. "Hatumutukani juu hatumutaki. Na sasa we unasimama naye pa sanduku moja, unafurahi. Mutoto wa batu, nani alikuficha hii maneno?"

Hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

Bwana Afisa alifungua daftari. Alisoma ukurasa wa Mwewa, kisha wa mama, kisha wa Mwewa tena. "Kasonde," akasema, "ulijua?"

"Fomu haikuwa na safu, Bwana."

Akashuka sandukuni polepole. Uhamisho ulisitishwa kwa sababu rasmi kwamba mashua inavuja. Mama alirudi na vyungu vyake, Sampa akimfuata nyuma akimlaumu kwa kumpotezea safari.

Wiki zilizofuata Bwana Afisa alionekana gatini kila asubuhi. Alisimama karibu na wauza samaki na kutaja kwamba ana masikio makubwa. Wakamhakikishia kwamba ni ya kiasi. Siku moja alimwambia Sampa kwamba yeye mwenyewe ni mvivu na mlafi. Sampa akakataa katakata, akasema wilaya haijapata afisa mwenye bidii kama yule. Alipoomba uhamisho tulimfanyia sherehe ya kumuaga. Walisimama watu arobaini na mmoja, wakamsifu kwa saa mbili, kwa Kiswahili safi, na hakuna aliyekosea hata neno. Sijawahi kuona Mzungu akiumia vile. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba uovu haukupimika kutokana na unyevu wa hewa ya ziwani.

Mimi niliachiwa kofia na baiskeli. Jumatatu iliyofuata nilikwenda gatini bila daftari. Mama Rosaria alikuwa akigeuza samaki kwenye moshi, na Sampa karibu naye akichonga mtumbwi. Mimi ni wa ukoo wa Samaki kama mama. Sampa ni mtani wangu tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Nikamwambia kwamba yeye ni mamba kibogoyo, na mitumbwi yake inakunywa maji kuliko yeye anavyokunywa pombe. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. Kisha nikangoja.

Mama aliendelea kugeuza samaki. Sampa akaweka tezo chini, akajifuta mikono, akaniletea kigoda chake mwenyewe nikae.

"Mersi, Bwana Karani," akasema. "We uko mutu muzuri sana."