Bega Langu na Bima ya Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 4

Leo naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinayumba kama kuku aliyelewa, lakini kushoto kwangu ni bora kuliko kulia kwa watu wengi.

Bega la kulia limegoma. Kinyozi mwenye bega bovu! Nimemkalisha Mwalimu Mkuu kwenye kigoda ili nisiinue mkono. Akauliza kulikoni, nikamwambia ndio mtindo mpya. Pembeni nikamnyoa safi kabisa. Utosini, hata hivyo, sikufika. Ametoka na kichaka katikati ya kichwa, kama kisiwa. Akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Yeye, ambaye hata akipita tu barabarani husimama kunisalimu!

Mashine, kinyozi wa kiti cha pili, alijifanya anafagia. (Tunamwita Mashine kwa sababu mkasi haujui, anajua umeme tu.) Mwenye duka akaniita nje. Akasema mzee, nakuheshimu, ila bega lipone, la sivyo kiti nampa mtu mwingine.



Jumanne, tarehe 5

Binti yangu anasema bima ya kazini kwake inalipia na wazazi. Akanionyesha kadi. Jina langu lipo. Chini yake wameandika: mtegemezi. Mimi! Niliyemsomesha kwa mkasi! Nikamwambia awapigie wafute, waandike mlezi. Akasema baba, kadi haibishaniwi.

Utaratibu ni huu. Siku ya kwanza mtaalamu wa viungo anakupima, anatuma ripoti kwa watu wa bima, wakikubali ndipo matibabu yanaanza. Rahisi. Mitihani siiogopi. Shule niliacha kabla haijanifikia.

Jumatano, tarehe 6

Mtihani! Nimejiandaa kiume. Nimeoga. Shati limenyooshwa kwa pasi. Nimemeza vidonge vya maumivu vya jirani, nikajipaka dawa ya misuli mpaka watu kwenye foleni wakatoa machozi. Huwezi kwenda mbele za watu ukiwa umechakaa.

Akaja msichana mwembamba mwenye koti jeupe. Nikamwomba aniitie mtaalamu. Akasema ndiye yeye. Tukaanza vibaya.

Akaniambia niinue mkono. Niliuinua mpaka juu! Nyota niliziona mchana, lakini nikajikaza kisabuni. Akauliza maumivu ni mangapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri, nikasema. Akasema babu, sema kweli, hapa hakuna zawadi. Nikasema sifuri, na ili asibishe nikanyanyua kiti chake nikakiweka kwingine. Akaandika kwenye ripoti.

Nimefaulu. Binti yangu alikuwa nje, anampigia bosi wake simu ya kuomba ruhusa. Nimemwambia mambo safi.

Jumatatu, tarehe 11

Bima imekataa.

Simu iliingia binti yangu akinifunga vifungo vya shati. (Asubuhi vinanishinda. Hilo halisemwi.) Mtu wa bima akasema ripoti inaonyesha mzazi wako ni mzima, ananyanyua viti, na wao wanalipia wagonjwa. Binti yangu akakata simu. Akaendelea kufunga mpaka kifungo cha mwisho. Heri angenifokea.

Mwishowe akasema, mficha maradhi, baba... Hakumalizia. Nikamwambia sikuyaficha, niliyahifadhi. Hakucheka.

Amewabembeleza kliniki wanipime upya. Ameomba ruhusa kazini tena, na bosi wake amenuna. Anaumwa nani, anahangaika nani? Nimejiona mdogo kama punje.

Ila nimepata mpango.

Jumatano, tarehe 13

Mpango: kuumwa. Kuumwa hasa!

Nimefunga mkono kwa kitambaa cha kunyolea. Nikaingia naburuta mguu, ingawa mguu hauna kosa. Kuugua nimeanzia mlangoni. Mtaalamu akagusa bega. Kumi! Kiwiko. Kumi! Mkono wa kushoto, ambao ni mzima. Kumi! Akagonga meza. Kumi, nikasema. Nilikuwa nimefumba macho.

Akaweka kalamu chini. Akasema, babu, juzi shujaa, leo maiti, sasa mimi niandike nini?

Binti yangu akadakia. Daktari, huyu mzee namvisha shati mimi, kila asubuhi. Amesema hadharani! Nyuma ya pazia kulikuwa na mgonjwa wa mgongo. Nimemsikia akikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Mtaalamu akaniambia nivue shati bila msaada. Vifungo nikafungua viwili, vingine vikanishinda, nikalivuta shati kichwani. Mkono ukagoma njiani. Nikakwama. Kichwa ndani, tumbo nje. Giza na harufu ya dawa ya misuli. Na humo gizani nikasikia mtu analia. Kumbe ni mimi.

Akauliza polepole, babu, maumivu ni mangapi? Nikajibu kutoka ndani ya shati. Saba. Halafu nikasema nane.

Binti yangu akanichomoa kama mtoto anayetoka kuogeshwa, akanifuta uso kwa kiganja. Nimeangalia sakafu mpaka tumefika nyumbani.

Ijumaa, tarehe 15

Bima imekubali! Sharti ni moja: mkono upumzike. Nisishike mkasi mpaka mtaalamu aseme, vinginevyo bega litaharibika moja kwa moja.

Nimekwenda kumweleza mwenye duka. Akasema kiti kitanisubiri, mradi nitii. Mashine akasema wateja wangu atanitunzia, na kila atakayekaa atamwambia wewe ni wa mzee, nakuazima tu. Kumbe hata kisiwa cha Mwalimu Mkuu alikisawazisha yeye, bila kumtoza kitu.

Na mimi nimemcheka kijana huyu mbele za watu tangu alipokuja. Nikatafuta neno la shukrani. Nikamwambia mashine yake ina kelele.

Jumatano, tarehe 20

Jana mzee mmoja, mstaafu wa posta, alipita nyumbani. Kichwa msitu! Moyo ukanishinda. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikafunga mlango wa uani. Kazi safi. Bega limelia usiku kucha, lakini hilo ni lake.

Leo kliniki. Mtaalamu akauliza kama nimeupumzisha mkono. Nikasema sijashika hata kijiko. Akaokota unywele begani mwangu, mweupe, mrefu, akautazama kwenye mwanga. Nikamwambia ni wangu, uzee unapukutisha. Akatazama kichwa changu. Nina upara unaong'aa kama sahani. Hakubisha hata kidogo. Msichana huyu ameanza kuniheshimu.

Akatoka kuzungumza na binti yangu. Nimewaona kupitia kioo cha mlango. Mtaalamu anaeleza, binti yangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bila shaka ni furaha.

Kesho nina wateja wawili.