Kipengele cha Kumi na Tisa

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti, mara mbili, ili hata wasiohusika wahusike: Kamati ya Kusaka Hewa Hatarishi Majumbani imeundwa, imeapishwa, imepewa fulana, na itaanza kazi nyumbani kwa Bibi Notburga.

Bibi alishukuru. Mjukuu wake Devota, wa darasa la pili, alikuwa akiamka kichwa kinamgonga na kutapika uji. Ilikuwa Julai, na baridi ya Songea haina mwenyewe. Walikuwa wakilala na jiko la mkaa chumbani. Bibi alimhamishia mtoto kwa jirani, Mama Aisha, ambaye hakuuliza atakaa siku ngapi. Alisogeza tu godoro lake, la mtoto lipate nafasi. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu sasa.

Bibi alitaka dirisha la chumba lifunguliwe. Lakini mwaka jana Kamati ya Kuzuia Mbu ilikuwa imelipigilia ubao kwa misumari na kulitia lakiri. Akataka basi atoe jiko nje. Barua ya Kamati mpya ikamkataza: hali ya chumba isibadilishwe, na siku ya ukaguzi jiko liwashwe kama kawaida.

Wakaja watatu.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwenyekiti Pankrasi.

"Marahaba, baba. Karibuni. Ni jiko hilo hapo."

"Taratibu, bibi. Jiko ni kipengele cha kumi na tisa. Sisi tuko cha kwanza."

Katibu Thadei alifunga mlango kwa ufunguo, ushahidi usitoroke. Mnusaji Mkuu, Daimu, alikuwa na mafua, lakini pia alikuwa na cheti. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali, Mwenyekiti aliagiza mkaa uongezwe. Bibi akaongeza, kisha akaketi sakafuni karibu na mlango, penye upenyo wa kupitisha hewa.

Wakanusa kopo la mafuta ya taa. Wakanusa viatu vya marehemu mume wa Bibi, wakavibishania robo saa. Wakamnusa paka, naye akaweka pingamizi kwa kucha.

"Mbona hilo jiko halitoi moshi?" aliuliza Daimu.

"Mkaa ulioshika hautoi moshi, mwanangu, wala haunuki. Ndiyo ubaya wake. Nesi wa zahanati aliniambia."

"Andika," alisema Mwenyekiti. "Bibi amekiri kwamba hakuna moshi."

Kufika kipengele cha tisa, Mwenyekiti alijishika paji la uso. "Kichwa kinanigonga."

"Hata mimi, mzee. Niandikeje?"

"Andika uzito wa majukumu."

Daimu alikaa chini bila kuruhusiwa. Kisha akalala.

"Baba," alisema Bibi, "huyu kijana anatutoka. Leteni ufunguo."

Thadei alipekua mkoba. Ulitoa mihuri miwili na gunzi la hindi la kuchoma. "Nimeuweka kwenye faili, mzee."

"Faili lipi?"

"La Mengineyo."

Mwenyekiti hakuitisha kikao. Alinyanyua kigoda cha Bibi, akayumba, akalipiga dirisha. Ubao, misumari na lakiri vikaangukia kwenye maboga. Akatoa kichwa nje, akavuta hewa kama ng'ombe aliyefika mtoni.

Ufunguo ukapatikana baadaye, kama kawaida ya funguo. Wakamburuta Daimu hadi uani. Mama Aisha akaja na maji, akaita bajaji ya kuwapeleka hospitali. Bibi akamfunika kijana khanga yake. Aliona Mwenyekiti, huku mwenyewe akitapika, amemwekea Daimu kiganja chini ya kichwa kisilalie mawe. Hilo Bibi aliliweka moyoni.

Daimu alipofumbua macho, Mwenyekiti alirudiwa na cheo. "Andika: chanzo hakijabainika."

"Sawa, mzee. Ila lakiri imevunjwa. Kuna fomu, inajazwa na mwenye nyumba."

Bibi akaomba kalamu. Akaandika polepole, kwa herufi alizojifunza ukubwani:

*Aliyevunja: Mwenyekiti. Sababu: alitaka kupumua.*

Mwenyekiti akasoma. Akatafuta pa kupinga. Akasoma tena, akapiga muhuri, akapanda bajaji.

Jioni Devota alirudi na godoro lake kichwani, akasimama mlangoni akitazama anga mahali palipokuwa na ubao.

"Bibi, nani kafungua?"

"Kamati," alisema Bibi, akainama kulitoa jiko nje.