Nyumba ya Bijou

Jumanne, 4 Februari

Mvua asubuhi yote. Hakuna mteja. Mbele ya nyumba ya jirani yangu, Tata Kitenge, watu wamejaa tena. Wanakuja kumsikiliza kasuku wake. Ndege anasema bonjour, anapiga mluzi, basi mtaa wetu mzima wa Kapata unamwona Kitenge mtu wa maana. Mimi Donatien, fundi wa redio na televisheni, napita hapo hapo bila kusalimiwa.

Mchana Stany akaniletea ukombozi ndani ya ndoo ya rangi. Stany ni kijana anayechimba mashimo ya vyoo mtaani kwetu. Leo amefukua buibui mkubwa kama kiganja changu, manyoya ya kahawia, miguu minene. Kwa Kifaransa ni migale. Alitaka kumponda kwa sururu. Nikamwomba anipe. Nimemwita Bijou. Kasuku wapo kila mahali. Nani Kapata ana migale?

Mke wangu Wivine alichungulia ndoo mara moja. "Hii kitu iko na nywele kupita wewe," akasema.

Kisha akanipa sheria. Mama yake, Mama Marie, anafika Jumapili kutoka Sandoa. Kama hadi siku hiyo buibui hana nyumba ambamo hawezi kutoka, Wivine atampokea mama yake kituoni, na wote wawili wataunganisha safari mpaka kwa dada yake Likasi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Alijibu kwamba hapo ndipo wasiwasi wake unapoanzia.

Jumatano, 5 Februari

Nina wazo zuri mno. Kwenye karakana kuna televisheni ya zamani, ile pana ya mbao. Nimetoa matumbo yake yote na kuweka kioo cha dirisha mbele. Ndani: udongo kiasi, tawi refu, taa, na bembea ndogo ya waya. Bijou atakuwa kwenye televisheni. Watu watakaa vitini kumtazama. Kitenge atakaa nyuma.

Jioni akaja shemeji yangu Falonne, mdogo wake Wivine, mwalimu wa biolojia. Alipiga magoti mbele ya televisheni na somo likaanza. Migale wa aina hii si wa matawini, anaishi shimoni. Akianguka kutoka juu, tumbo linaweza kupasuka. Anahitaji udongo mwingi wa kuchimba, na paa liwe chini. Taa itamkausha. Asishikwe kwa mkono. Maji yawekwe kwenye kifuniko cha chupa. Na yale matundu ya nyuma, pale palipokuwa na spika, hata panya anapita. Ikabaki bembea. Aliitazama tu, kisha akanitazama mimi.

Nilimshukuru sana. Nikashusha tawi kidogo. Matundu nimeyaziba kwa gazeti.

Alhamisi, 6 Februari

Maonyesho ya kwanza. Nimeazima viti vya kanisa. Watu wamekuja, hata Tata Kitenge, kasuku begani. Nikatoa hotuba fupi kuhusu maajabu ya uumbaji. Nikavuta kitambaa.

Bembea ilikuwepo. Tawi lilikuwepo. Gazeti lilikuwa limesukumwa nje, limekunjwa vizuri kabisa.

Kitenge alisema kipindi ni kizuri ila kimechelewa kuanza. Watu walicheka mpaka mmoja wao akauliza mnyama mwenyewe sasa yuko wapi. Hapo viti vya kanisa vikapandwa vyote kwa pamoja. Kimoja kimevunjika. Wivine alihamia uani pamoja na masufuria yake, akatangaza kwamba atapikia huko, atakula huko, na nimpelekee viatu vyake nikishavikung'uta.

Nimetafuta hadi magoti yanauma. Niligundua jambo la ajabu: simtafuti kwa sababu ya Kitenge. Nina hofu mtu atamkanyaga.

Ijumaa, 7 Februari

Wakati wa chai ya asubuhi, mayowe. Yalikuwa nyumbani kwa Tata Kitenge. Nikaruka ua.

Kitenge alikuwa juu ya meza, amevaa kaptura ya kulalia, amemkumbatia kasuku. Bijou alikuwa chini, ndani ya kiatu chake cha misa, miguu miwili tu nje. "Tata Donat, toa kitu yako!" aliniomba. Alitetemeka hata meza ikawa inagonga ukuta.

Nikafanya kama Falonne alivyoelekeza, bila kumshika kwa mkono. Bakuli juu ya kiatu, polepole. Kadibodi chini. Nikajisikia nikimbembeleza buibui kwa sauti ya kumnyamazishia mtoto mgonjwa. Akaingia kwenye bakuli mwenyewe. Wivine, aliyekuwa amesimama mlangoni na mchi mkononi, aliona yote. Aliteremsha mchi.

Habari njema ya siku: kasuku amejifunza neno jipya. Tangu asubuhi anapiga yowe, "Mama, nakufa!", kwa sauti ile ile ya mwenye nyumba. Watu wamejaa pale kuliko kawaida. Kitenge amefunga madirisha.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimejenga kweli.

Kusema kweli tumejenga. Wivine ana kabati fupi la kioo analouzia mandazi. Niliwaza kulichukua akiwa sokoni. Alirudi mapema akanikuta nimelikumbatia. Nikangoja maneno makali. Akaniuliza, je, mnyama atachimba upande upi. Kisha akasema alikuwa anataka kabati jipya tangu Krismasi, na jipya hilo nitalitengeneza mimi, lenye rafu tatu.

Falonne alisimamia. Udongo tumeuchota nyuma ya kanisa, mahali pasipopulizwa dawa, tukauchekecha na kuulowesha kidogo. Tumeujaza hadi kabati likabaki na nafasi ndogo tu juu. Kipande cha chungu kilichovunjika kikawa mlango wa shimo. Matundu ya hewa nimeyatoboa kwenye mfuniko wa mbao kwa msumari wa moto, madogo, hata mguu wa Bijou haupiti. Tata Kitenge alileta komeo na kufuli mwenyewe bila kuombwa. Alilifunga, akalivuta, akalivuta tena. Akataka aachiwe ufunguo mmoja. Tumekataa.

Kabati liko kwenye kona ya sebule, mbali na jua la dirishani. Bijou alizunguka, akagusa kila ukuta, akaanza kubeba udongo kwa kinywa. Wivine alivuta kigoda. Aliketi mbali, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Akasema Bijou anafanya usafi kuliko mimi.

Jumapili, 9 Februari

Bijou amelala chali. Miguu juu. Hatikisiki.

Mama Marie aliingia na mizigo yake akanikuta nimepiga magoti mbele ya kabati, nalia. Mbele ya mama mkwe! Aibu kubwa, lakini machozi hayakungoja ruhusa. Mama Marie aliuliza marehemu ni nani. Wivine alimwonyesha. Mama alitua kikapu cha mihogo na kuanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti nzuri sana. Majirani wakaitikia kutoka barabarani. Nilikuwa tayari nashika ufunguo nimtoe.

Falonne akanidaka mkono. Hajafa. Anabadili ngozi, na nikimgusa sasa ndipo nitakapomwua.

Tukakaa. Hakuna aliyekula. Ngozi ilipasuka pembeni, na miguu mipya ikaanza kuchomoka mmoja mmoja, laini, kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Tata Kitenge aliingia akasimama nyuma ya viti. Mama Marie alikataa sahani mpaka mguu wa mwisho utoke. Ulipotoka, watu walipiga makofi sebuleni kwangu. Bijou mpya ni mweusi, anang'aa kama mahameli. Mama mkwe amesema kwake Sandoa hawataamini, na kwamba binti yake ameolewa na mtu wa pekee. Sikuuliza maana yake.

Likasi hakuna anayeitaja tena.

Jumatatu, 10 Februari

Furaha tupu. Falonne ameagiza Bijou aachwe kabisa mpaka meno yake mapya yakomae. Nimeacha. Ndiyo maana mikono yangu iko wazi leo.

Stany amepiga simu. Amekata mti ulioanguka kwa mvua, na ndani amekuta nyuki. Anaapa ni wapole. Nikamwuliza kama ni wengi. Akasema kiasi. Asali bure, mezani, mbele ya wageni! Falonne yuko darasani, kwa hiyo sikumsumbua. Wivine ataambiwa wakishazoea nyumba.

Nyuki ni wadogo. Kwa hiyo nimewaandalia boksi la viatu chini ya kitanda anacholalia Mama Marie, mahali penye joto. Nimetoboa matundu ya hewa mengi, mapana, wasije wakakosa pumzi.