Suruali ya Fundi Kimanzi

Leo nimeaibika, tena mbele ya mjane. Msinipigie simu. Nitaeleza hapa mara moja, kisha tuachane na hii habari.

Wengi mnajua Fundi Kimanzi alitutoka wiki iliyopita. Kwa msiojua, ndiye aliyenifundisha useremala hapa Kwa Vonza, tangu siku zile nilipokuwa nikilenga msumari napata kidole. Alikufa kwa kifua. Alikula vumbi la mbao maisha yake yote, na mwisho mlikuwa mkimsikia akikohoa kutoka barabarani. Mimi nami nimeanza. Asubuhi nikikohoa, kinachotoka kina rangi ya mbao. Mueni, mke wangu, haniambii kitu. Ananitazama tu.

Familia ikaniomba nitengeneze jeneza. Mama Syombua, mjane wake, alikuwa na ombi moja tu: mumewe aende msafi. Alisema ameishi miaka yote na mtu mwenye unga wa mbao kwenye nywele, masikioni, hadi kitandani. Safari hii avae suti, na pasiwe na vumbi hata chembe. Nikaahidi. (Kumbukeni niliahidi.)

Nikaona ni upuuzi kulitengeneza jeneza la mtu aliyeuawa na vumbi huku nikilivuta vumbi lilelile. Nikaamua kujenga mtambo wa kulinyonya. Feni nilipewa bure, ilitoka kwenye kinu cha kusaga mahindi kilichokufa pale sokoni. Shida ilikuwa bomba. Niliulizia lile la kununua huko Kitui mjini. Nilipotajiwa bei nilimshukuru muuzaji, nikatoka taratibu nisiguse kitu. Nikajaribu mpira wa kumwagilia shamba, ule bapa. Feni ilipowaka mpira ulinywea ukashikana kama utumbo wa mbuzi.

Hapo ndipo nikapata akili (naiita akili kwa kukosa jina lingine). Mguu wa suruali ni bomba tayari! Nikanunua mitumba ya jinzi iliyochakaa, ile ambayo hata muuzaji alikuwa akiionea haya, nikaongezea na suruali zangu za kila siku. Unashona mguu kwa mguu kwa sindano ya magunia. Ndani unatia pete za waya wa ua ili lisinywee. Halafu unapaka gundi ya mbao iliyotiwa maji, hewa isipite kwenye kitambaa. Likikauka linakuwa gumu, na jua la huku halichelewi.

Kufikia leo asubuhi bomba lilikuwa limetoka kwenye feni hadi katikati ya karakana. Likaishia hapo. Msumeno uko upande huu, randa ya umeme upande ule, na jinzi zimekwisha. Mueni alikuwa ameahidi kunitafutia nyingine kwa majirani. Nikiwa nimeshika kiuno, nikaona mfuko wa kaki juu ya jeneza, ambalo jana nililimaliza bila kungoja bomba. Nikachungulia. Juu kabisa kulikuwa na suruali nyeusi.

Jana jioni Mueni alikuwa amenieleza jambo kuhusu mfuko fulani, randa ikiwa inanguruma. Nilimjibu “eeh.” (Wanaume wenzangu, mnaijua hiyo eeh.)

Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Nilijiuliza tangu lini mitumba ikapigwa pasi, nikajijibu kwamba Mueni ananipenda sana. Kilichokuwa chini yake sikukitazama. Haikuhitaji hata kukatwa. Kiuno nilikishona kwenye bomba kubwa, mguu mmoja ukaenda kwenye msumeno, wa pili kwenye randa. Nilijipongeza kwa sauti. Nikaitia pete za waya, nikaining'iniza kwenye boriti juu ya jeneza, nikaipaka gundi mara mbili.

Saa saba mchana ikawa imekauka. Nikawasha.

Ilifanya kazi, jamani. Nilipitisha ubao kwenye randa, na lile wingu ambalo hunifunika kila siku halikuja. Mwanga wa dirishani ulikuwa mweupe. Nilivuta pumzi hadi mwisho, na kikohozi hakikunifuata. Nilifurahi, halafu nikaumia kwamba mwalimu wangu hakuiona.

Nilikuwa nimeziba masikio kwa sababu ya kelele, kwa hiyo sikusikia gari likiingia. Nilipogeuka, Mama Syombua alikuwa mlangoni pamoja na mchungaji, wamekuja kuchukua jeneza na nguo wapeleke mochari. Jeneza hakulitazama. Alikuwa akitazama juu. Nami nikatazama.

Suruali ilikuwa imejaa. Ina mapaja, ina magoti. Inatikisika kwa upepo juu ya jeneza, kama mtu anayetembea asifike.

Nikazima feni, nikazibua masikio. Miguu ikatulia lakini haikunywea. (Gundi nzuri ile.)

“Mutua,” akasema polepole, “hiyo si ni ya Kimanzi?”

Mueni aliingia na sinia ya chai, akaona, akaiweka sinia chini palepale sakafuni.

“Baba Mutheu,” akasema, “si nilikuambia hiyo ni nguo ya kuvalisha mzee, imeletwa ikae na jeneza?”

Nilipanda kwenye kiti na kisu nikajaribu kuifumua. Kisu kiliteleza. Nilitia kidole ndani, kikatoka na unga wa mbao wa kutosha kutandikia banda la kuku. Mtu niliyeahidi ataenda msafi, nimemjazia vumbi hadi kiunoni. Nilitamani kufunika lile jeneza nikiwa ndani.

Mchungaji alijaribu kusaidia. Alieleza kwamba kioo cha jeneza huonyesha kifua kwenda juu tu, na huko chini hakuna anayechungulia. Mama Syombua alimtazama mpaka mchungaji akakumbuka ana simu ya kupiga nje. Mochari hufungwa saa kumi, na hapa sokoni hakuna anayeuza suti. Nikakimbilia nyumbani, nikarudi na suruali niliyofungia harusi. Ni ya kahawia. Koti la mzee ni jeusi. Tena mimi ni mrefu, yeye alikuwa mfupi. Mama Syombua hakunilaumu. Aliketi kwenye benchi la zamani la mumewe, akaomba sindano, akaanza kukunja upindo kwa mkono wake. Afadhali angenichapa.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akanyanyua macho kwenye boriti. “Washa,” akasema.

Nikawasha. Nikapitisha kipande cha ubao. Vumbi likapanda mguu wa kulia, likapita kiunoni, likaenda zake. Alinyoosha kiganja karibu na randa, mahali ambapo mkono huwa unageuka mweupe kabla hujahesabu kumi. Akakigeuza, akakitazama. Kilikuwa safi.

Nilimwambia nitaitoa hata ikibidi niikate, nimrudishie.

“Iache hapo,” akasema. “Hiyo suruali haina kifua. Wacha yenyewe ndio ikule hiyo vumbi.”

Nikageuka nipanguse macho, nikasema ni vumbi limeniingia. Tulikuwa watatu mle ndani, na sote tulijua hakuna vumbi.

Mazishi ni kesho. Suruali yangu ya heshima ilikuwa moja tu, na sasa inaenda na mwalimu. Nyingine zote ziko kwenye bomba. Kwa hiyo mkiona mmoja wa wabeba jeneza amevaa ovaroli, tafadhali inamisheni vichwa kabla mchungaji hajasema tuombe.