Ghorofa Yenye Joto la Bure

Fernand Quirion aliuza visanduku vya kupunguza bili ya umeme mjini Trois-Rivières, Kanada. Ukikichomeka ukutani, kinawasha taa ya kijani, na hapo kazi yake imekwisha. Kwake mwenyewe hita za kupasha nyumba joto zilikula umeme hadi bili ikamshinda, akawa analala na koti. Mtaalamu wa joto anayelala na koti anahitaji uso mkavu kweli kugonga milango ya watu.

Januari ile ya theluji alimgongea Madamu Gosselin, mjane wa ghorofa ya pili. Bibi alifungua mlango akiwa na gauni la kiangazi, miguu mitupu.

"Madamu, hita zinakuumiza?"

"Hita zipi, mwanangu? Sijaziwasha tangu mwaka juzi. Gusa."

Fernand akagusa. Baridi, na vumbi tele. Mate yakamjaa: huyu bila shaka ana mkataba wa zamani, ule wa joto la jengo zima kulipwa na mwenye nyumba. Mikataba hiyo siku hizi huipati hata ukiilipia. Visanduku akavisahau.

"Ngazi hizi zitakumaliza, Madamu. Mimi naishi mtaa wa pili, chini kabisa. Tubadilishane nyumba, mikataba na yote."

"Miaka thelathini nimekaa hapa," bibi alisema, akijifuta jicho. "Labda ukinilipia gari la kuhamia."

Akalipa. Akatia sahihi bila kusoma, maana anayekula kwa jasho la wasiosoma naye huona uvivu kusoma.

Wakahama mwisho wa wiki, na Jumatatu aliamka meno yakigongana. Akashuka mbio hadi kwenye duka la mikate lililo chini ya sakafu yake mpya, akakuta mafundi wanang'oa tanuri.

"Mnafunga?"

"Tumefunga Jumamosi," mwokaji alisema. "Wapangaji wote wa jengo hili tuliwapa barua mwezi mzima kabla. Tanuri hili ndilo lililokuwa likimpasha joto yule mama wa juu."

Fernand akajiona mjinga wa kiwango cha juu, akampigia bibi simu.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Ulikuwa na haraka."

"Na hizo hita zangu hazikulii pesa?"

"Hazinilii. Nimezitoa vumbi, nimeziba nyufa za madirisha, na chumba nisichokitumia nakipunguzia joto na kukifunga mlango. Ulikuwa unapasha joto mpaka kabati."

Aibu ilimbana Fernand, lakini baridi ilimbana zaidi.

"Nifundishe basi, Madamu."

"Njoo Alhamisi. Nafundisha kwa ada."

Alhamisi alifika, akakuta sebule imejaa majirani, akalipa, akaambiwa akae mstari wa nyuma.